Dua ya Safari ya Jasmin

Habari hii nilipewa na Bimdogo, jirani yangu wa hapa Kaole, siku ya tatu baada ya Idi ya kumaliza mfungo mwaka huu, tukichambua choroko barazani kwangu. Mwenyewe alikuwapo yalipotokea.

Bi Mwaija, mkunga wa jadi, alipika wali wa dua ya safari. Mjukuu wake Jasmin alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari Algeria, na ndege ilikuwa ya Jumatano. Mwezi mzima Bi Mwaija alikuwa akiwatangazia wanawake, harusini na hata msibani, kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu anakwenda kusomea uzazi. Akirudi, mimi napumzika." Wanawake wakafurahi, wakamletea Jasmin kanga.

Basi adhuhuri ile Maalim Mwinyijuma akainua mikono. "Ewe Mola, mrudishe binti huyu salama, awe daktari wa akina mama wa kijiji hiki."

"Amina!" watu wakaitikia.

Jasmin hakuitikia. Bi Mwaija, aliyekaa naye goti kwa goti, akamtupia jicho. Mtu anavukaje bahari kwa dua ambayo mwenyewe hakuipokea?

Chakula kilipoanza kupakuliwa, akamvuta jikoni.

"Ulimi umekatika, mke mwenzangu? Mbele ya Maalim! Bimdogo amekuona, na akiona Bimdogo, Bagamoyo nzima imeona."

"Nakusikia, shoga!" Bimdogo akajibu kutoka uani, sufuria mkononi.

Jasmin akapiga magoti. "Nisamehe, bibi. Sikuweza kuitikia jambo nisilolikusudia. Mimi nataka kuwatibu watoto njiti, hawa wasiofikisha miezi."

"Umeshachagua hata kufika hujafika?"

"Miaka saba ya kwanza sote tunasoma udaktari wa jumla, kuchagua ni baadaye. Ningeweza kunyamaza. Lakini wewe umeshawaahidi watu."

"Na mama zao watashikwa na nani? Miaka arobaini mikono hii inamshika mama kwanza. Mama akipona tunashukuru, mtoto atapatikana mwingine."

"Ndivyo ulivyomwambia Ashura."

Masika iliyopita Ashura alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba, na njia ya hospitali imejaa maji. Bi Mwaija alihangaika na mama mpaka damu ikakatika. Akampa Jasmin mtoto amshike.

"Alinishika kidole, bibi, tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Nilimweka kifuani apate joto, sikujua lingine la kufanya. Halafu hata matanga hakuwekewa, eti hakufikisha siku saba."

Bi Mwaija akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, taratibu, kama mgonjwa.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Nilipomwosha nililia. Hukuniona, nilikupa mgongo."

Akamwekea mjukuu mkono kichwani. Kisha akainuka, akatoka kwa wageni.

"Jamani, dua ile niliiagiza mimi, na niliagiza bila kumuuliza mwenyewe. Mtoto huyu anakwenda kusomea njiti."

"Ehee! Na sisi unatuacha na nani?" Tabia, mke wa Maalim, akauliza.

"Mimi bado nipo, na njia ya hospitali mnaijua. Anayetaka kanga yake, ipo kabatini."

Watu wakacheka. Ashura hakucheka. Aliacha sinia, akaenda akamshika Jasmin mkono. Hakuna aliyedai kanga.

"Mikono yangu ina mchuzi," Maalim akasema. "Dua nyingine nitaiomba nikishanawa." Na kweli akaiomba.

Wageni walipoondoka, Bimdogo akiwa bado anaosha masufuria, Bi Mwaija akajilaza mkekani, Jasmin akamkanda miguu.

"Miaka saba, na ya hao njiti juu yake?"

"Mingine kama minne, bibi."

"Mh! Utanikuta sina jino."

"Nitakusagia nyama."

"Isiwe na mifupa," bibi akasema, macho ameshayafumba. Punde akaanza kukoroma. Jasmin akaendelea kumkanda mpaka mikono ikachoka, akajinyoosha ubavuni mwake, na yeye akalala.