Mama Kope na Kopo Lake

Mume wangu alikuwa fundi picha, tena fundi kweli, si wale wa bora picha itoke. Alinipiga picha miaka thelathini na nane, na katika picha zote hizo nimefumba macho. Sisemi nyingi, nasema zote. Wiki ya harusi nimefumba. Mimba ya kwanza, nimefumba. Siku walimu wenzangu waliponiaga shuleni nimesimama mbele ya ubao na maua mkononi, nimefumba kama mtu aliyepitiwa na usingizi wima. Wageni wakifungua albamu yetu huuliza kwa heshima kama nilikuwa naumwa.

Kosa lilikuwa la kamera, nami nililisema tangu mwanzo, ila nani anisikilize? Ilikuwa ile ya herufi tatu, SLR, nyeusi na nzito, ambayo unachungulia huku unazungusha lenzi kwa vidole mpaka ukungu uondoke na sura ikae sawa. Ukibonyeza inalia klap, kama mtu kafunga droo kwa hasira. Mimi nami ni mtu wa kushtuka, hata chafya ya jirani hunishtua. Klap ikilia, kope zinashuka zenyewe. Na kwa kuwa taa za studio yake zilikuwa hafifu, kamera ilibidi ikae wazi kitambo kidogo ili ishibe mwanga, basi inanikuta nimeshafumba. Ndipo akaniita Mama Kope. Nami nikaiita kamera yake Bi Mkubwa, kwa sababu niliolewa nikaikuta ndani, na kila asubuhi ilifutwa kwa kitambaa laini kabla mimi sijasalimiwa.

Mimi nilikuwa na yangu. Ya plastiki, nyepesi, haina cha kuzungusha wala cha kupima. Unachungulia kwenye kidirisha, unabonyeza, basi. Niliinunua ili niwapige picha wanafunzi wangu wa darasa la pili. Yeye aliiita Kopo. Akawa anawatambulisha wateja, "Huyu ni Mama Kope, na lile ni kopo lake," wanacheka, na mimi nanuna siku mbili. Sikatai, mwanzoni Kopo lilinitia aibu. Nilimpiga kila mtoto peke yake, kwa karibu, na picha ziliporudi niliona mashati safi, vifungo vyote, midomo inayocheka, na kuanzia pua kwenda juu hakuna mtu. Wazazi walikuwa waungwana, wakanishukuru. Ilinichukua mwaka mzima kulijua lile dude.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Jicho la kulia lilitangulia, na akalificha jambo hilo mpaka siku alipomwambia mteja mmoja anyanyue kidevu, kumbe anaongea na koti lililotundikwa. Nikamburuta kwa daktari wa macho, mwanamke mpole aliyezungumza polepole. Alituambia kwamba la kulia limekwisha, na la kushoto nalo lina doa katikati, doa litakalokua. Pembeni ataendelea kuona. Ataona mlango, ukingo wa meza, mikono ya mtu. Lakini kile atakachokitazama moja kwa moja kitapotea, na sura za watu ndizo zitakazotangulia. Nikauliza ni miaka mingapi. Akasema tuhesabu miezi.

Tulipofika nyumbani mume wangu akakaa, akavua viatu, akasema, "Nataka picha yako moja, macho wazi. Niipige mwenyewe."

Nikamwambia picha ya nini, na mimi mwenyewe nipo hapa, nitazame mpaka uchoke. Akanijibu kwamba mimi situlii. Nikiongea nageuka, nikinyamaza nainuka kwenda kukunja nguo. Picha inatulia. Picha ataiweka puani, aitazame kwa kioo cha kukuzia, kipande kimoja kimoja kwa jicho lililobaki, mpaka ashibe. Alisema hivyo hivyo, mpaka ashibe, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kubishana nikainuka kwenda kufungua droo.

Nikamletea kitambulisho changu, maana humo nina macho. Akakisogeza hadi kwenye kope zake, akanirudishia. Alisema huyo hamjui, huyo ni mwanamke anayesubiri kusomewa mashtaka. Na kweli, siku ile ya kitambulisho nilikuwa nimegombana na karani.

Basi akawasha taa za studio, akanikalisha kwenye kigoda, akamaliza mkanda mzima wa picha thelathini na sita. Nilijikaza. Nilikodoa mpaka machozi yakanilenga. Klap, klap, klap. Picha zilipotoka, za kwanza nimefumba, za katikati nimefumba, na zile chache ambazo huenda sikufumba huwezi kujua, kwa sababu zote zina ukungu. Vidole vyake bado vilijua kuzungusha lenzi, lakini jicho halikuweza tena kumwambia wapi asimame. Alizipanga mezani, akanisikiliza nikimwambia moja baada ya nyingine, kisha akazikusanya, akazifunga kwa mpira. Chakula cha mchana hakukigusa. Mimi nilikula, lakini sikumbuki nilikula nini.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi wake walikuja kama kawaida. Walikuwa watatu, watu wazima na kazi zao, waliopenda kujifunza kamera, na mmoja wao alikuwa nesi mwenye mdomo mwepesi niliyempenda sana. Mume wangu aliondoa lenzi ya Bi Mkubwa, akawaonyesha tumbo lake. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mara mia bila kuyasikiliza, kama unavyosikia redio ya jirani.

Alieleza kwamba ndani kuna kioo kimelala mshazari. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda juu, unafika kwenye jicho lako. Ndiyo ubora wake, kwamba unaona kile kile ambacho lenzi inakiona, wala hupati picha ya kukata vichwa kama makopo mengine. Hapo akanielekezea kidevu, wakacheka. Kisha akasema kwamba filamu iko nyuma ya kioo. Kwa hiyo ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, ndiyo ile klap, na kwa muda huo dirisha linakuwa giza. Kioo kikirudi, unaona tena.

Nikaweka birika chini.

"Kwa hiyo ulipokuwa unanipiga picha," nikamuuliza, "wakati ule wenyewe ulikuwa hunioni?"

Akasema ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Nikamwambia sijauliza udogo, mimi mwalimu, nimeuliza ndiyo au siyo. Nesi akataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Mume wangu akasema ndiyo, alikuwa hanioni. Nikamimina chai, nyingine ikamwagikia kisahani. Nilikuwa na hasira ya ajabu, hasira ya kuhesabu. Miaka thelathini na nane, na kila alipobonyeza, mimi nimefumba na yeye kafungiwa. Hatukuwahi kuonana hata mara moja.

Walipoondoka nilimkuta amekaa na Bi Mkubwa mapajani, hana lenzi, mdomo wazi. Alisema kila fundi analijua lile giza, ila hakuwahi kulifikiria upande wangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Kopo liko wapi?"

Lilikuwa kabatini, na mkanda ndani, wa mahafali ya mjukuu. Tukaenda ukumbini, karibu na dirisha kubwa, kwa sababu Kopo linataka mwanga wa jua na halijui taa hafifu. Akalipima mkononi, akasema halina hata uzito wa kujiheshimu. Kisha akanisogelea alivyozoea, karibu kabisa, na mkono wa kushoto ukawa unatafuta lenzi ya kuzungusha.

Nikamwambia aache kupapasa, hakuna cha kuzungusha. Kopo linaona sawasawa kuanzia hatua mbili na kuendelea. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia alielekeze juu kidogo. Akasema akielekeza juu atapiga ukuta.

"Kidirisha kiko juu ya lenzi, mume wangu. Unachokiona wewe sicho linachokiona lenyewe. Acha kiganja kimoja cha hewa juu ya kichwa changu."

Akauliza nimejifunza wapi hayo. Nikamjibu, kwa kukata watoto wa watu vichwa. Akacheka, cheko lake la zamani ambalo sikuwa nimelisikia tangu kwa daktari, na akainua Kopo kama nilivyomwagiza. Mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa mji, akanitii bila kubisha.

Hapo ndipo nilipoona kitu nisichokitegemea. Kidirisha cha Kopo ni kioo kitupu, mbele na nyuma. Miaka yote kwa Bi Mkubwa nilikuwa natazama lenzi nyeusi, shimo tupu. Sasa ndani ya kidirisha kile kidogo niliona jicho lake, la kushoto, lililobaki. Lilikuwa linanitafuta, linahama kidogo kulikwepa lile doa, mpaka likanipata. Nikalitazama.

Kopo likasema tik. Hata nzi hashtuki kwa mlio ule.

Hakuishusha kamera. Alibaki nayo usoni.

"Nimekuona," akasema. "Imeshapiga, na bado nakuona."

Basi nikalia, na hapo sasa ndipo nikafumba macho.

Alikataa kupiga ya pili. Mkanda ulikuwa na nafasi nyingi zilizobaki, naye alizoea kunigombeza nikipoteza hata moja, lakini aliutoa vile vile. Kwenye chumba cha giza hakuwa kipofu kuliko mimi. Mikono yake ilifanya kazi ya kuosha filamu bila kukosea, nami nilisimama kando nikitaja dakika. Wakati wa kuikuza picha ndipo aliponihitaji. Yeye alizungusha lenzi ya mashine ya kukuzia, mimi nikamwambia ukungu umeondoka. Tukaitia karatasi kwenye sinia la dawa, chini ya taa nyekundu, na vitu vyeusi vikatangulia kutokea, kwanza nywele, kisha mboni mbili. Akaniuliza kama macho ni wazi. Nikasema ni wazi, yote mawili.

Kila asubuhi alikaa na picha ile dirishani, kioo cha kukuzia mkononi, pua karibu iguse karatasi. Siku moja aliniita kuniambia kwamba jicho langu la kushoto ni dogo kidogo kuliko la kulia, na kwamba amekasirika kulijua leo. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitano. Kisha asubuhi moja akaiweka picha mezani mapema kuliko kawaida, akaniomba niitundike. Nikaitundika, na kioo cha kukuzia nikakiweka kabatini.

Juzi nesi alikuja kutusalimia. Sasa naye anapiga picha za harusi, na ana ule ukali wa mtu aliyefuzu. Akasimama mbele ya ukuta, akaitazama picha yangu kwa muda mrefu, akasema kwa upole kwamba ni nzuri sana ila ina kasoro, kwamba macho yamepita juu ya lenzi kidogo, Mama hakuitazama kamera.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza mlangoni, kama afanyavyo siku hizi akitaka kuniona nilipo.

"Umeona vizuri," akamwambia. "Hakuitazama kamera. Alikuwa ananitazama mimi."