Fomu ya Udanganyifu Halali

Meneja wa ofisi ya maji alikwenda semina siku tatu, akarudi na cheti, mkoba mpya na wazimu mmoja. Alipoondoka alikuwa mtu wa kawaida tu, mvivu kiasi, anayesaini bila kusoma. Aliporudi aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini, akapandisha suruali, akatoa pakiti ya karata mfukoni na kuiinua juu kama mtu aliyegundua dawa ya kifo.

"Poka," alisema.

Watu wakatazamana.

"Poka, ndugu zangu, ni shule ya uadilifu. Inafundisha subira. Inafundisha ujasiri. Inafundisha kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Kuanzia wiki hii, kila Alhamisi, saa nne hadi saa sita, tunafunga madirisha ya huduma, tunacheza."

"Bosi, si ndiyo kamari hiyo?" aliuliza dada wa dirisha la malalamiko.

"Kamari ni ya mtu anayecheza bila cheti," Meneja alijibu, na cheti akakionyesha.

Dada huyo ofisi nzima ilimwita Kioo, kwa sababu lililokuwa moyoni mwake lilifika usoni kabla yeye mwenyewe hajalijua. Akiwa na njaa, unaiona. Akikuchoka, unaiona. Siku mhasibu msaidizi alipokuja na suti mpya, Kioo alimwambia, "Imekupendeza, kaka," na mhasibu msaidizi akairudisha dukani jioni ile ile. Dirishani uso huo ulikuwa mali. Wateja walikuja wamevimba, ankara mkononi, wakamkuta mtu anayeumia kuliko wao, wakapoa wenyewe. Mezani kwenye karata, uso huo ulikuwa balaa.

Na hakuwa na pa kukimbilia, maana alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita na mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki. Siku alipoipata kazi hii alimwendea mama yake, aliyekuwa amefulia watu nguo miaka kumi na tisa, akalichukua beseni lake kubwa na kumgawia jirani. Mama alicheka akasema, "Haya mwanangu, na mimi nimestaafu." Sasa Meneja akabandika tangazo ukutani: alama za poka zitaingia kwenye tathmini. Waliokuwa kwenye majaribio walikuwa wawili, Kioo na yule mhasibu msaidizi, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja.

Mhasibu msaidizi aliitwa Zege. Uso wake ulikuwa umemwagwa siku nyingi, ukakauka. Ungeweza kumwambia nyumba yake inaungua, akakuuliza chumba gani.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili anazozificha, kisha tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Mwenye mapacha wengi au mpangilio mzuri ndiye mshindi. Aliyeogopa anakunja, anatupa karata zake na kupoteza dau. Asiyeogopa, au anayejifanya haogopi, anaongeza dau. Pesa ilikatazwa, kwa ajili ya maadili, wakawa wanatumia washa, vile vipete vya mpira vinavyozuia bomba lisivuje. Fundi mkuu alitoa stoo boksi zima huku akinung'unika. Mji mzima mabomba yalichuruzika, washa zimelundikwa mbele ya Meneja kama sahani ya karanga.

Likabaki tatizo moja la kimaadili, na Meneja akalitatua kiofisi. Kwa kuwa poka haichezeki bila kudanganya, na kwa kuwa mtumishi wa umma haruhusiwi kudanganya, alibuni Fomu ya Udanganyifu Halali, nakala tatu. Unajaza jina, tarehe, uongo uliosemwa, sababu ya uongo, na saini ya aliyedanganywa.

"Uongo ulioandikwa," alifafanua, "si uongo tena. Ni kumbukumbu."

Basi Alhamisi zikawa Alhamisi. Kwenye kioo cha chooni kulikuwa na foleni ya watu wanaofanya mazoezi ya uso mkavu. Karani wa masjala alijifunza kutopepesa macho hadi yakamwaga machozi. Zege alijaza fomu kumi na nne kwa siku moja na Meneja akazibandika ukutani kama kazi za mwanafunzi bora. Kioo alijaza moja tu. Alikuwa amesema, "Nina karata nzuri sana," meza nzima ikacheka, na kwenye nafasi ya saini ya aliyedanganywa hakupatikana mtu wa kusaini.

"Dada, jikaze," Zege alimwambia siku moja, si kwa ubaya. "Fikiria kitu kisicho na maana. Mimi huwa nafikiria ukuta."

"Mimi nikifikiria ukuta naona nyufa."

"Basi wewe na kazi ndiyo hivyo tena."

Wiki ya tathmini pampu kubwa ilikufa. Ilikuwa Jumanne. Kufika Alhamisi, saa nne, mji ulikuwa umekaa siku mbili bila tone, na nje ya madirisha yaliyofungwa watu walikuwa wamejaa na ndoo, wanagonga. Ndani, Meneja aliwasha feni ili wasisikike, akachanganya karata.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Kioo alikuwa hajalala vizuri. Jioni alikuwa amemwona mama yake akimpitia jirani "kumsalimia", akaliona jicho la mama lilivyoteleza hadi kwenye beseni. Asubuhi, njiani, akafikia uamuzi mmoja mdogo. Kama uso utasema tu, basi heri mdomo utangulie.

Karata za kwanza zikagawiwa. Akaziangalia. "Sina kitu," akasema, akakunja.

Wakacheka. "Angalau leo kasema mwenyewe," alidakia karani wa masjala.

Za pili: "Sina kitu." Za tatu: "Sina, ila si mbaya sana kama zile." Za nne akazitazama, akatazama zilizofunuliwa mezani, akavuta pumzi. "Nina malkia watatu," alisema, na akasukuma washa zake zote mbele.

Zege akaacha kufikiria ukuta. Kwa wiki nne alikuwa amewadanganya watu tisa kwa fomu arobaini na mbili, na katika muda wote huo hakuwahi kukutana na mtu anayetaja karata zake kwa majina. Akaupekua ule uso. Uso ulisema: malkia watatu.

"Amejifunza," Zege alimnong'oneza Fundi. "Umeona anavyoigiza? Amejifunza, huyu."

"Mi' naona malkia watatu," Fundi akasema.

"Ndivyo anavyotaka uone."

Zege akasukuma zake zote. Kioo akafunua malkia watatu. Uso wa Zege, mbele ya mashahidi, ulipata ufa.

"Hii si haki!" alisema. "Amenidanganya kwa ukweli! Iko wapi sehemu yake kwenye fomu?"

Fomu ikageuzwa mbele na nyuma. Sehemu ya ukweli haikuwepo. Meneja alijikuna kidevu, akaona cheti chake kinatikisika.

"Kumshinda Zege si kumshinda aliyepita semina," alisema. "Njoo kwangu. Mgawo mmoja wa karata, washa zote. Unakunja au unasukuma, hakuna katikati. Ukinishinda nasaini barua yako leo hii. Ukishindwa, miezi sita mingine ya majaribio, na nafasi aichukue Zege."

Karata zikagawiwa. Kioo akainua zake kwa pembe: mbili na saba, za rangi tofauti, takataka tupu. Zikafunuliwa tano mezani, hakuna hata moja iliyomsaidia. Uso ukaitangazia meza nzima takataka hiyo.

"Bosi," alisema, sauti ikimtetemeka, "nina mbili na saba. Mezani sina ndugu hata mmoja."

Kukunja kulikuwa ndiko kushindwa kwenyewe. Akasukuma zote.

Meneja alikuwa na wafalme wawili mkononi. Mtoto wa darasa la pili angesukuma. Lakini mtoto wa darasa la pili hajapita semina. Meneja aliegemea kiti, akafumba jicho moja, akaanza kufikiri kwa sauti ya chini, na hapo ndipo alipoharibikiwa.

"Mara ya kwanza alisema kweli ili tumzoee. Sasa anatetemeka. Mtu mwenye karata mbaya hatetemeki, anajikaza. Kwa hiyo anayetetemeka anazo. Na anajua kuwa mimi najua..." Akatupa wafalme wake wawili. "Nakunja! Hunipati, binti!"

Kioo akafunua mbili na saba.

Meneja alizitazama, akazigeuza, akazitazama tena. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, akapiga meza, washa zikaruka. "Hatari! Huyu ni hatari! Miaka ishirini serikalini sijaona mwongo kama huyu!" Akashika simu pale pale, akapiga makao makuu kuwaambia kwamba programu yake imezaa bingwa.

Kioo alipewa fomu ajaze. Uongo uliosemwa: hakuna. Sababu: hakutaka kuniamini. Meneja akasaini kama aliyedanganywa, bila kusoma. Na Kioo, aliyekuwa ametamka kweli tupu kuanzia saa nne, alijisikia kama mtu aliyemchomolea mwenzake pochi. Hakulielewa jambo hilo, na hakupewa muda wa kulielewa, maana mlango ulikuwa umeanza kupigwa mateke.

Meneja aliandika barua ya kuthibitishwa kazini, akaigonga muhuri, lakini hakumpa. Aliipunga hewani kama feni.

"Kazi yako ya kwanza. Toka nje, uwaambie maji yanatoka kesho."

"Yanatoka kesho?"

"Sijasema yanatoka. Nimesema uwaambie."

Kioo akamgeukia Fundi. Fundi akatazama viatu vyake. "Kipuri hakijaagizwa, dada. Fomu ya kukiagiza iko mezani kwa bosi tangu Jumanne, inasubiri saini. Kikiagizwa leo, wiki moja."

"Barua utaipata ukirudi," Meneja alisema. "Nenda, bingwa wangu. Uso ule ule."

Akatoka. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani: wanafunzi, mafundi cherehani, dereva mwenye madumu manne, na mbele kabisa bibi mmoja aliyekalia ndoo yake. Wote wakamgeukia. Kioo akamfikiria mama yake. Akafungua mdomo.

"Kesho..." alianza.

"Mwanangu," bibi alisema, bila kuinuka, "usijitese. Uso umeshasema."

Kioo akashusha mabega. "Pampu imekufa, bibi. Kipuri hakijaagizwa. Kikiagizwa leo ni wiki moja. Msisubiri kesho, na keshokutwa pia msisubiri. Tafuteni maji pengine."

Hakuna aliyerusha jiwe. Watu walianza kubadilisha hesabu zao, na dereva akasema, "Sasa si wangesema tangu juzi? Nimekaa na familia yangu naambiwa kesho, kesho." Na watu wakaacha kumtazama Kioo, wakamtazama mtu aliyesimama mlangoni nyuma yake na barua mkononi.

Meneja aliziona zile nyuso, na safari hii zilisomeka bila semina. Barua hakuweza kuichana, bingwa alikwisha kumtangaza hadi makao makuu. Akatoa kifua mbele.

"Wananchi! Kama mlivyosikia, hii ni ofisi ya uwazi! Dada huyu ni zao la programu yangu ya uadilifu!" Na akamkabidhi barua kwa mikono miwili, akitabasamu kila upande.

Kioo aliisoma yote. Akaangalia saini, akaangalia muhuri, akaikunja na kuitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Fundi alikuwa amechomoka ndani akiwa na karatasi nyingine, akampa.

"Na hii ya kipuri, bosi," Kioo alisema.

Meneja alijipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. "Bahati mbaya sina kalamu hapa."

Zikanyooshwa kalamu kumi na moja. Bibi akainuka kwenye ndoo yake, akasogea mbele, akamgeuzia Meneja mgongo na kuinama kidogo, ili apate pa kuandikia.