Kumwashia Mabukwe Kiko

"Béatha, shika ufunguo huu. Hata nikilia, usinirudishie."

Jirani yangu alisimamisha cherehani, akaniangalia. Nilikuwa pekupeku, kitenge kimefungwa ovyo, siku ya tano tangu nijifungue. Mtaani kwetu Nyamirambo, mwaka wa tisini na moja, mzazi hakuonekana njiani kabla ya siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina.

"Iko nini, Mukandekezi? Mtoto iko wapi?"

"Nimemfungia ndani. Asikae na mimi."

Wapo wanaosema hadi leo kwamba nilikuwa mvivu wa kulea. Waache waseme. Nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe. Mtoto alikuwa na kilo mbili kasoro, analia kwa sauti nyembamba isiyokatika, nami nazunguka chumbani, dirishani hadi mlangoni, silali, sikai, chakula hakipiti. Asubuhi ile nilijikuta nimeshika mto, nautazama uso wake. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Niliutupa mto, nikafunga mlango, nikakimbia.

Mambo yalianzia jikoni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na tangu vita vianze safari ya wiki ilikula mwezi. Mimba ilipofika miezi mitatu, mama yake, Kankindi, alikuja kukaa nami, yeye na kiko chake. Kwetu mkaza mwana humwashia mabukwe, yaani mama mkwe, kiko: unaweka kaa juu ya tumbaku, unavuta mara mbili tatu ishike moto, unampelekea kwa mikono miwili. Hiyo ni adabu. Nani angeiita kuvuta? Mwanzoni nilikohoa. Mwezi wa tano nikawa nauliza, "Mabukwe, nikuwashie?" kabla hajatamani. Mwezi wa saba nilikaa jikoni mpaka kichwa kitulie, ndipo nampelekea. Muuguzi aliponiuliza kama navuta sigara, nilijibu hapana, tena kwa hasira. Mimi, mtoto wa watu, nishike sigara!

Nilipojifungua, muuguzi yule alimpima mtoto mara mbili. "Nyumbani nani anavuta?"

"Mimi," alisema mabukwe. "Huyu hajawahi."

Akaambiwa moshi usinisogelee. Kiko kikafichwa, nami nikanyamaza. Mwili ukawa unadai kitu nisichoweza kukitaja, na kila mtoto alipolia nilisikia ananishtaki.

Mabukwe alirudi kutoka sokoni, akanikuta kwa Béatha. Alichukua ufunguo, akaenda, akarudi na mtoto kifuani. Mzima. Nikaketi vumbini.

"Mabukwe, nilikuwa navuta. Kila siku. Ni mimi niliyemdumaza."

"Nilijua," alisema. "Kiko kilinifikia nusu majivu." Akampapasa mtoto mgongoni. "Nilifurahi kupata mwenzangu. Mimi pia nilizaa nikivuta, sikujua kama ina ubaya. Tumekosa wawili, tutalea wawili. Hutabaki naye peke yako, leo wala kesho."

Nilimchukia kwa kujua kwake na kunyamaza. Nikisema sikumchukia nitakuwa mwongo. Lakini alitimiza. Alihamishia mkeka wake chumbani mwangu. Siku ya nane watoto wa jirani walitaja kila mmoja jina alilomchagulia mtoto, zamu yangu ikafika, nikampa mabukwe mtoto. Mabukwe akamwita Gaju, akanisitiri: "Mama yake bado anafikiri." Yewe, watu walisema mpaka wakachoka! Mimi niliendelea kumwita "huyu".

Akanisogeza kwake kidogo kidogo. Leo nimwogeshe, yeye akimimina maji. Kesho nimbebe mgongoni, twende wote hadi msikitini na kurudi. Kuna siku nilimrudishia mtoto katikati ya njia, nikalia, naye akampokea.

Miezi ikapita. Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharage, mtoto yuko mkekani. Mara akaanza kutambaa, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja kuelekea jiko la makaa.

"Gaju!" niliita. "Gaju, njoo kwa mama."

Akageuka, akacheka. Nilimnyakua, nikamwita mabukwe aje aone. Hakuja. Nikatoka naye uani, nikapaza sauti.

"Iko hapa kwangu!" Béatha alijibu ng'ambo ya njia. "Tangu asubuhi, ananishonea vifungo!"

Mabukwe alikuwa ameketi amenipa mgongo, wala hakugeuka. Tangu asubuhi tulikuwa wawili tu ndani, mimi na Gaju, na sikuwa nimejua.