Viazi vya Kabla ya Mechi

Walburga wa kijiji cha Mapera hakuwahi kushika mpira wa kikapu hata siku moja, lakini timu ya chuo cha ualimu alichosoma mwanawe Kilian aliijua kuliko wengi walioichezea. Alijua nani anadunda kwa kushoto, nani anachoka mapema, nani hafungi mpaka kwanza ajifute jasho. Tangu mumewe afariki, Jumamosi ya mechi aliingojea karibu sawa na Jumapili, ingawa hilo hakumwambia padri. Wanachuo walimwita Mama Timu. Jina hilo alilipenda kuliko alivyoonyesha.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakigombea wakulima, na mmoja wao akaipa timu jezi na lori la kwenda kucheza ziwani dhidi ya chuo cha ufundi cha upande wa Kihagara. Walburga akatengewa nafasi mbele, kando ya dereva.

Kilichomuuma kilianza kabla ya safari. Sikukuu ya Pasaka Kilian alikwenda huko ziwani kwa rafiki yake Rodrick, mchezaji wa chuo hicho, na aliporudi mdomo wake wote ulikuwa Mama Rodrick. Mama Rodrick anapika samaki, mbasa mkubwa hivi, mchuzi mzito. Mama Rodrick anajua kuchekesha. Mama Rodrick kasema nikimaliza chuo niombe kupangiwa shule ya ziwani, chumba kipo, samaki wapo.

"Na mama je, yupo?" Walburga aliuliza, akipepeta maharage.

"Mama yupi?"

Walburga aliendelea kupepeta maharage yaliyokwisha kuwa safi.

Basi aliposikia kwamba siku ya mechi Ottilia, huyo huyo Mama Rodrick, ndiye atakayewapikia wageni, aliamka alfajiri akachemsha viazi vitamu sufuria mbili na maharage sufuria moja. Lori liliposimama kupoza injini kabla ya mteremko wa ziwani, akawashusha vijana wote.

"Kuleni, wanangu."

"Mama Timu, tumeambiwa huko kuna chakula," alisema Stephano, yule wa kushoto.

"Huko ni huko. Hapa ni hapa. Kula."

Akawasimamia mmoja mmoja mpaka sahani zikawa nyeupe. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watafika wameshiba, na chungu cha yule mwanamke kitabaki kimejaa.

Alichosahau ni malezi yake mwenyewe. Kijana wa milimani hakatai chakula cha mwenyeji, na huyu alikuwa mbasa aliyetoka majini asubuhi ile, si yule mkavu anayepanda Mbinga kwenye matenga. Walikula upya kana kwamba hawajaona chakula tangu jana. Kilian alilamba vidole, akamwangalia Ottilia, akasema, "Asante, Mama." Mama tu. Hakumalizia Rodrick.

Mchezo wenyewe ulikuwa aibu. Hadi mapumziko, thelathini na tisa kwa sita. Stephano alisimama katikati ya uwanja ameshika kiuno kama mjamzito. Rodrick aliruka, akafunga, akarudi, akaruka tena. Ottilia aliwashangilia wote, wa kwao na wageni, na Kilian alipopata kikapu chake kimoja akapiga vigelegele: "Huyo naye wangu!" Walburga alikuwa anasali rozari. Alipotea asijue yuko fungu la ngapi. Mwisho ilikuwa sabini na moja kwa kumi na nane.

Lori likirudi, Walburga alitazama barabara na kujua vizuri kilichokuwa kimelala matumboni mwa wale vijana.

Lakini kufika Jumatano, habari chuoni ilikuwa nyingine. Stephano ndiye aliyeanza: yule mama wa ziwani aliwawekea kitu kwenye samaki. Maneno yakakua. Mwalimu Pankras, mlezi wa timu, akasema kama ni hivyo marudiano hayatakuwepo, wala urafiki na chuo kile. Kilian aligombana na wenzake mpaka akakosa usingizi.

Walburga alinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kutamu. Marudiano yakifa, Rodrick hatakuja. Kilian hatashuka tena ziwani. Ataomba shule ya karibu, Matiri au papa hapa, na jioni atakula kwa mama yake.

Jumapili hakupanda altareni kukomunika. Baada ya misa Mwalimu Pankras akamfuata nje, Kilian kando yake, anatazama chini.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama."

"Milele, amina."

"Wewe ni mtu mzima na ulikuwepo. Vijana walikula nini siku ile, zaidi ya wale samaki?"

Angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Walikula viazi vyangu," akasema. "Sufuria mbili, na maharage. Niliwasimamia mpaka wakamaliza. Sikutaka wabakize nafasi ya chakula cha yule mama."

Mwalimu alikohoa akiwa ameziba mdomo. Nyuma yake Stephano, aliyekuwa akisikiliza, alicheka mpaka akakaa chini.

Njiani kurudi nyumbani Walburga alingoja mwanawe akasirike. Kilian alikuwa anatabasamu.

"Mama, kweli unadhani ni viazi?"

"Sasa ni nini?"

"Wanatuzidi. Rodrick peke yake anatuzidi. Hata tungeshuka na njaa wangetufunga. Labda sitini tu."

Hilo lilimchoma kuliko vigelegele vya Ottilia. Wiki nzima amebeba dhambi, na sasa anaambiwa hata dhambi yenyewe haikuwa na nguvu.

"Labda sitini," alirudia.

"Marudiano yapo sasa. Mama Rodrick atakuja nao. Nilishamwambia atafikia kwetu."

Walburga alitembea mpaka pembeni mwa shamba la kahawa.

"Huyo mama, viazi anakula?"

"Anakula chochote."

"Haya."

Walipofika, hakuingia ndani kubadili kitenge cha kanisani. Alipitiliza hadi kwenye matuta ya viazi, akainama, akaanza kufukua udongo kwa vidole, tuta moja baada ya jingine, kuona ni vipi vimenenepa zaidi.