Fungu la Sitini na Moja

Asubuhi ile mpima maji Bujemaa alivua kandambili, akasema bismillahi, akashuka mferejini na sahani yake ya shaba yenye matundu, akayapima maji ya kijiji kama alivyoyapima siku zote. Yalitoka mafungu sitini na moja.

Akaisuuza sahani, akapima tena. Sitini na moja. Akavaa kandambili zake, akapanda taratibu hadi kwa Haji Tayeb, mkuu wa baraza, aliyekuwa anamimina chai ya pili.

"Moja limezidi, Haji."

"La nani?"

"Si unajua."

Haji Tayeb alijua. Kijiji kizima kilijua. Lilikuwa fungu la Faraji, mume wa Mesauda.

Katika oasisi ile ya Gurara maji hutoka mbali, chini ya ardhi, kwa njia iliyochimbwa kwa mikono. Yakitokeza juani hujaa kwenye birika, na mbele ya birika kuna kitana cha jiwe chenye nafasi tano zilizo sawa. Maji hupita hapo yakawa matano, kila tawi likakutana na kitana kingine kidogo, na kadhalika mpaka kila bustani ipate fungu lake. Desturi inasema kwamba mtu akiirefusha njia ya maji na maji yakaongezeka, hupewa fungu moja, lake na kizazi chake. Faraji aliirefusha na maji yakaongezeka. Kabla hajapewa fungu lake, kisima kimoja cha kuingizia hewa kwenye njia hiyo kikamwangukia, akafa.

Mesauda alipokwenda kulidai, baraza halikukataa kwamba ni haki yake. Lilimweleza hesabu.

"Lalla Mesauda," Haji Tayeb alimwambia kwa upole, "mafungu yetu ni sitini. Sitini inagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita. Wazee waliichagua ili ndugu na ndugu wasipigane. Tukiongeza lako inakuwa sitini na moja, na hiyo haigawiki kwa namba yoyote. Unataka amani ya kijiji ivunjike kwa ajili ya namba moja?"

Hivyo yale maji ya Faraji yakatawanywa, kila fungu katika yale sitini likanenepa kidogo. Mesauda akawa anachota ndoo kwenye hodhi la msikiti, watu wakishamaliza kutawadha. Mitende yake ilianza kuwa na rangi ya mkeka, na vitunguu vyake havikupita ukubwa wa kokwa. Aliomba dua kila baada ya swala, akitaja fungu kwa jina la mumewe, asije Mola akadhani anaomba la mtu mwingine.

Sasa maji yenyewe yalikuwa sitini na moja. Yalifika kwenye kitana yakasimama, kama watu wanaomsubiri imamu anyooshe safu. Hayakufurika wala kurudi nyuma. Yaliumuka tu juu ya birika kama unga uliotiwa hamira, vyura wakiwa ndani yake, na yaliyokuja nyuma yakapanda juu ya yaliyotangulia. Wenye bustani walikuja na majembe yao, wakatazama, wakakaa kivulini kujadili kitana kipya.

Walifinyanga cha udongo chenye nafasi mbili. Maji yalikisogelea, yakasimama. Wakafinyanga cha nafasi tatu, kisha cha nne.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, Mesauda alikwenda darasani kama kawaida. Lilikuwa darasa la watu wazima, kwenye chumba cha kando ya msikiti. Yeye alijiunga ili aweze kuisoma Kurani kwa macho yake kabla ya kufa. Hesabu zilikuja tu humo humo, kama mchanga unavyokuja ndani ya viatu.

"Mwanangu," alimwambia mwalimu, binti mmoja aliyeitwa Kheira, "hii sitini na moja ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa, mama. Ni namba tasa. Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Maskini," alisema Zineb, jirani yake Mesauda, aliyekuwa amekaa nyuma na ufumaji wake. "Tasa mmoja tu, na amewasimamisha wanaume wote wale na majembe yao!"

Darasa lilicheka. Kheira akachukua chaki. Alisema hakuna haja ya kujaribu kila kitu. Jaribu mbili, ikikataa, nne na sita zimekataa pamoja nayo. Jaribu tatu, tano, saba. Zikikataa hizo, pumzika, maana nane mara nane ni sitini na nne, umeshaipita namba yako. Mesauda aliandika yote kwa herufi kubwa. Aliipenda kazi ile ya kupasua namba hadi usibaki na cha kupasua. Sitini ilipasuka ikawa mbili, mbili, tatu na tano. Sitini na moja ilikaa ubaoni vilevile, nzima.

Asubuhi Kheira alituma salamu barazani kwamba baada ya saba wasijisumbue.

"Mwambieni mwalimu tunamshukuru sana," alisema Haji Tayeb. Wakaendelea na nane, tisa, na kumi. Walifika kumi na tatu udongo ulipowaishia.

Ndipo Abdelkadir, aliyekuwa na pampu, akasema kama shida ni kuzidi kwa moja, basi na izidi kwa mbili. Akamwaga birikani fungu moja kutoka kisimani kwake. Sitini na mbili zilipita kitana cha nafasi mbili vizuri sana, watu wakamtukuza Mungu, halafu kila nusu ikasimama, maana ni thelathini na moja, nayo ni ya ukoo uleule. Akaongeza la pili. Sitini na tatu zilipita kwa tatu, zikapita tena kwa tatu, zikapita kwa saba, kila bustani ikalowa. Hali ilikuwa njema mpaka Abdelkadir alipogundua kwamba kila siku anatoa mafungu mawili na bustani yake inapokea moja. Akazima pampu, akaenda kulala. Maji yakasimama tena.

"Mpeni Mesauda fungu lake, jamani, watu tukapike," alisema Zineb, akipita na ndoo.

"Tukimpa lake, litakuwa lake," alijibu Haji Tayeb.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwenye fungu ana kiti barazani. Na akina Faraji, watu ambao baba zao walichimba njia ile na kuzikwa bila tone la maji kwa jina lao, walikuwa wengi kuliko wenye bustani.

Ijumaa, baada ya swala, Haji Tayeb alisimama akatangaza kwamba baraza limeamua kutoa fungu moja sadaka, kwa ajili ya Mungu, lipewe aliye mnyonge kuliko wote kijijini. Watu wakaitikia amina. Mnyonge akatafutwa, akaonekana ni Mesauda. Bujemaa akatoboa tundu la upana wa kidole kando ya birika, kabla ya kitana, sadaka ikapita hapo. Zile sitini zilizobaki zikashusha nundu yao, zikaingia kwenye nafasi tano bila maneno. Vyura walishuka nazo.

Mesauda aliyasikia maji yakiingia kwenye bustani yake. Alifurahi, kwa kuwa mitende ilikuwa na kiu na mitende haiulizi. Akatawadha kwa maji hayo, akaswali rakaa mbili, akamwambia Mola wake kwamba aliomba cha mumewe na amepewa sadaka, na kwamba Yeye anaijua tofauti. Kisha akaenda kupanda vitunguu.

Sadaka si mali. Kila mwaka, siku ya pili ya Maulidi, anayepewa hufika mbele ya baraza, pale birikani, kuiomba upya. Mwaka wa kwanza Mesauda alipofungua mdomo kuomba, maji yalisimama nyuma yake, yote sitini na moja, yakaumuka juu ya birika. Baraza liliyatazama, likamwambia aendelee. Aliomba mpaka mwisho. "Tumekupa," alisema Haji Tayeb, na maji yakapita, sitini huku, moja kule.

Siku hizi wanawake wanaijua saa hiyo. Hakuna siku nyingine ambapo maji yanatuama mengi namna ile mahali pamoja, kwa hiyo huja na mazulia yao ya sufu yenye uchafu wa mwaka mzima, wakayatumbukiza na kuyakanyaga kwa miguu, wakiimba kwa sauti ya chini ili wasilisumbue baraza.

Mwaka huu Mesauda alisema maneno yake haraka haraka, kwa kuwa alikuwa na mkate jikoni. Haji Tayeb akasema wamempa. Birika likashuka ghafla, zulia la Zineb likabaki na povu.

"Wewe naye!" Zineb alimpigia kelele kutoka chini. "Huwezi kuomba polepole?"

"Samahani, dada," alisema Mesauda. "Mwakani nitaomba polepole."