Koti la Kaka

Vumbi la mbao halianguki upesi. Huelea kwanza katika mwale wa jua unaopenya dirishani, liking'aa kama dhahabu isiyo na mwenyewe, kisha hutua popote: juu ya randa, juu ya kope, juu ya koti lililotundikwa msumarini, koti la mtu asiyerudi.

Lilikuwa koti la kaka mkubwa wa Kitinda. Kaka huyo watu walimwita Bonge, kwa unene wake. Wawili hao walitengeneza milango pamoja, Bonge akipiga randa, Kitinda akisugua kwa msasa. Kisha moyo wa Bonge ukasimama, randa mkononi, ubao haujafika nusu.

Siku hiyo mama yao alikuwa amelazwa na homa, macho yake yameshafungwa na mtoto wa jicho. Ndugu wakanong'onezana: asiambiwe mpaka apate nafuu. Nafuu ikaja. Ulimi wa kumwambia haukuja.

Jioni moja ya baridi Kitinda akalivaa koti lile bila kufikiri, akaingia chumbani kwa mama. Mama akanusa. Akapapasa kola, akapapasa kifungo alichokishona mwenyewe enzi akiona.

"Nani huyo? Bonge?"

"Naam, Mama."

Neno dogo, jepesi kuliko vumbi. Lakini neno nalo hutua.

Tangu hapo, kila jioni koti, kila jioni nani huyo, kila jioni naam, Mama. Akajifunza kukohoa kama kaka, kukokota miguu kama kaka.

"Na mdogo wako?"

"Amesafiri, Mama. Kazi."

Basi marehemu akawa nyumbani anamiminia mama chai, na aliye hai akawa safarini.

Dada yao alimkuta mlangoni akifunga vifungo. "Wewe! Utalivaa mpaka kivuli chako kinenepe." Wakacheka. Lakini kesho yake, karakanani, Kitinda alisikia randa ikikwaruza ubao, na yeye ameshika msasa. Akageuka. Mwale wa jua, vumbi, na ndani ya vumbi umbo pana, likamuuliza kwa sauti yake yeye mwenyewe: nani huyo?

Ee Mola, unayemjua kila mja kwa jina lake, siku ukimwita huyu, ataitikia lipi?

Ni huruma, alijiambia. Huruma tu. Lakini ni huruma gani hiyo inayoogopa kuvua koti?

Kisha mama akasema, "Bonge, mwambie mdogo wako arudi. Nguvu zinaniisha. Wewe nimekuombea vya kutosha. Yeye sijamwekea mkono kichwani, na sitaki kuondoka hivyo."

Siku iliyofuata, jua likiwa bado juu, alilirudisha koti msumarini. Akanawa hadi viwikoni. Akaingia na shati lake, akapiga magoti.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Kitinda. Bonge hayupo. Alifariki ulipokuwa na homa. Aliyekuwa akikuitikia ni mimi."

Kilio kikamtoka Mama, kilio ambacho kuta za chumba kile zilikuwa zikikingoja. Akampiga kifuani kwa ngumi zisizo na uzito. "Mmeninyima kumlilia mwanangu! Siku zote hizi nacheka na kaburi!"

"Nisamehe, Mama."

Hakusema amesamehe. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akajifuta kwa upindo wa kanga, akauliza polepole:

"Na chai? Nani alikuwa ananipoozea chai?"

"Mimi."

"Bonge alinipa ya moto vilevile, niungue nisiungue. Nikasema moyoni, heri, utu uzima umemfunza adabu." Kitu kama kicheko kikampita katikati ya machozi. "Sogea."

Mkono wake ukanyanyuka, ukaelea katika mwale wa jua ulioingia dirishani, ukitafuta. Nyweleni mwa Kitinda vumbi la mbao lilikuwa bado limo, lile ambalo maji hayakulifikia. Mkono ukatua hapo, juu ya vumbi lake mwenyewe.

"Kitinda."

"Naam, Mama."