Mlango Usio na Chanja

Mwalimu Wafula alianza vibaya tangu kizingitini. Alibisha, akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Samahani mzee, nimeelekezwa nyumba ya gesi. Ni hapa?"

Kidogo nimfungie mlango usoni. Mwaka wa tatu huu mji mzima wa Amu hauna jina jingine la nyumba hii. Asubuhi moja mtungi wa gesi ulilipuka jikoni, ukaniondolea mke wangu, Huwaida, na watu wakaona wamepata alama nzuri ya kuelekezea wageni. Mwanamke aliyepika mikate ya mofa miaka thelathini, akalisha wapagazi na wajane bila kuuliza nani ana kitu na nani hana, leo ni mtungi. Sijui nani aliyeanza. Ningemjua angenitambua.

"Hapa ni kwa Kamaludin, fundi wa milango," nikamwambia. "Gesi ziko dukani."

Akacheka, akidhani namtania. Alikuwa mwalimu kutoka bara, na wenzake wachache, walimu na wauguzi, walikuwa wamejenga kanisa dogo ng'ambo na walitaka mlango wa nakshi. Akakunjua picha. Kijana amevaa joho refu, mkononi kashika kitu cha chuma chenye miguu minne.

"Huyu ni Mtakatifu Laurenti, msimamizi wa kanisa letu. Sikukuu yake ni tarehe kumi Agosti."

"Sura sichongi, Mwalimu. Kwetu twachonga maua, minyororo na mawimbi, na juu ya mlango aya au jina la mwenye nyumba. Mtu mwenye mato na pua, hapana."

"Sura acha. Chonga hii aliyoshika tu, waumini watamjua."

"Na hii ni nini?"

"Chanja, fundi. Kama ile ya kuchomea samaki. Walimchoma juu yake."

Nikaweka patasi chini. Akanisimulia. Laurenti alikuwa shemasi huko Roma zamani za Makaisari, mtunza mali ya kanisa. Mkuu wa mji akamwamuru alete hazina yote. Akaomba siku tatu, na kwa siku hizo tatu akagawa kila kitu kwa maskini. Siku ilipofika akaja na vipofu, viwete, wajane na mayatima, akamwambia mkuu, hazina ya kanisa ndiyo hii. Mkuu akaona amefanyiwa mzaha, akaamuru achomwe taratibu.

"Akiwa pale juu ya moto," Wafula akasema, na tabasamu likamtoka, "akawaambia, upande huu umeiva, nigeuzeni. Ndiyo maana leo ni msimamizi wa wapishi."

Damu ilinipanda. Mtu kachomwa, halafu anapewa jikoni asimamie. Mtu kalisha mji, halafu anapewa ashike chuma kilichomuua, akishike hata milele, ili watoto wakimwona waseme, huyo ndiye wa chanja. Nilitaka kumfukuza palepale. Lakini hadithi ya wale vipofu na wajane ilikuwa imeshaniingia, na ubao wa mbambakofi nilikuwa nao. Nikamwambia nitamchongea. Sikumwambia nitamchongea nini.

Alikuja kutazama kazi mara tano. Kila mara nilimpa kahawa, na kila mara ubao nilikuwa nimeufunika gunia. Niliposhika patasi nilishika kwa hasira. Nilichonga bakora ya kipofu, gongo la kiwete, ushungi wa mjane uliokunjwa, bakuli la yatima. Katikati nikachonga mkate wa duara, na nilipousugua kwa msasa nikaona ni mkate wa mofa. Juu nikaandika jina la Laurenti kwa herufi zilizosimama vizuri. Chanja sikuichonga.

Siku tano kabla ya sikukuu Wafula akaja kuuchukua, pamoja na Jaafar mwenye punda, ambaye hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi. Nikaliondoa gunia. Wafula akautazama mlango juu mpaka chini, akainama, akatazama tena.

"Chanja iko wapi?"

"Haiko."

"Fundi, tulikubaliana."

"Nimekuchongea alichofanya. Alichofanyiwa katafute kwa aliyemfanyia."

Sikuwa nimewahi kumwona mwalimu yule amekasirika. Sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Huyu aliuawa, Mzee Kamaludin. Ukificha alivyouawa umewasaidia waliomuua. Sisi hatuibebi chanja kwa kuwa ilimshinda. Tunaibeba kwa kuwa haikumshinda."

"Hayo maneno ya kanisani. Aliyekufa kwa moto amekufa kwa moto, na watu hawakumbuki jingine. Muulize huyo Jaafar, nyumba hii yaitwaye?"

Jaafar akatazama miguu ya punda wake.

"Sema!" nikamkaripia. "Ibada yake, mikono yake, miaka thelathini ya moshi, yote yamefutika, umebaki mtungi. Na mtungi naliununua mimi. Mimi, kwa mikono hii, apumzike kuni. Kila mtu akisema nyumba ya gesi anitaya mimi kwa jina."

Neno hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Lilinitoka mbele ya mgeni na mwenye punda, na sikuweza kulirudisha.

Wafula akakaa barazani. Akauliza, "Aliitwa nani?"

"Nani?"

"Mkeo. Hii ni mara ya saba nakuja hapa. Nimekunywa kahawa yako, nimekusikiliza ukilaani mji mzima. Jina lake silijui."

Jaafar alinitangulia kujibu.

"Huwaida. Kila alfajiri alinipa mkate wa moto, na kipande cha kumpa punda. Hakukosa hata siku moya."

Nikamgeukia yeye. "Na mbona miaka yote hii wasema gesi?"

"Bwana Kamaludin," akasema polepole, "siku ya arubaini ya msiba jirani yako Bi Mwanamkisi na wenzake walikuya walitaye jina lake, ukawafukuza. Mimi nalimtaya papa hapa barazani, ukanirushia patasi. Kovu ni hili. Wewe ndiwe uliyelifungia jina lake. Sisi tukabaki na gesi."

Alikunja mkono wa shati. Kovu lilikuwepo, jembamba, juu ya kiwiko. Nilikuwa nimelisahau. Wallahi nilikuwa nimelisahau, na miaka mitatu nilikuwa nikimtafuta aliyeanza.

Nikamwambia Wafula, "Nipe siku tatu."

Akanitazama. Alizijua siku tatu hizo zilikotoka. "Chukua," akasema.

Chanja niliichonga chini kabisa ya mlango, chini ya mkate na magongo, pale maji ya mvua yanaporukia na miguu ya watu inapopita. Niliichonga ikiwa tupu. Hakuna aliyelala juu yake. Wafula alipoiona aliipitishia kidole, akanipa mkono, na yeye na Jaafar wakaupakia mlango.

Kisha nikaushika wangu. Mlango wa nyumba yangu, nyumba ya fundi, ulikuwa haujaandikwa kitu juu yake tangu niurithi. Nikaandika kwa herufi kubwa: Huwaida, aliyelisha watu. Nikashuka ngazi, nikapiga magoti, na chini nikachonga mtungi mdogo wa gesi. Ulinitoa machozi kuliko nakshi yoyote niliyopata kuchonga, na sikuuacha hadi umekamilika.

Sasa anayekuja kwangu ana majina mawili ya kuulizia, la juu na la chini. Aanze na la juu. Akianza na la chini, patasi ningali ninayo.